Mkanda wa feni umeisha: upige spana mwenyewe au umpe fundi? Nalinganisha IST, Wish na Forester

Gari ikilia "kwiii" asubuhi ukiwasha tu halafu inanyamaza ikishapata moto, wengi tunaizoea na maisha yanaendelea. Mi nilikaa nayo miezi mitatu. Toyota IST yangu ya 2003, ile ya injini 1NZ, ilikuwa inalia asubuhi na kila nikiwasha AC, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, akachukua kipande cha sabuni ya mche akakigusisha kwenye mkanda injini ikiwa inazunguka, kelele ikakata palepale, nikampa elfu tano nikaondoka nimefurahi. Wiki haikuisha ikarudi. Siku mkanda wenyewe ulipokatika nilikuwa Morogoro Road naelekea Kibamba, taa ya betri ikawaka nyekundu, nikasema ntaangalia nikifika, dakika chache mbele taa ya temperecha nayo ikawaka nyekundu, hapo ndo nikaweka pembeni nikazima. Ningesogea kilomita mbili tatu zaidi leo ningekuwa nakusimulia habari za gasketi ya hedi.

Tangu hapo nimebadili mikanda kwa mkono wangu kwenye gari tatu tofauti: IST yangu mara mbili, Toyota Wish ya dada yangu, na Subaru Forester ya jirani yetu mzee mmoja ambaye alikuwa ananiangalia tu anasema "mwanangu usiniulie gari". Haikufa. Ila nilichojifunza ni kwamba watu wakiuliza "naweza kubadili mwenyewe?" wanajibiwa kwa kuangalia ujasiri wao, wakati cha kuangalia ni kitu kimoja tu, mkanda wa gari yako unakazwa na nini. Kuna unaokazwa kwa kusogeza alternata (ile inayochaji betri), kuna unaokazwa na tenshena, yaani kikazio chenye springi ndani, kuna unaokazwa na skrubu ya kuvuta. Ukishajua wa kwako uko wapi hapo, nusu ya jibu umepata.

Tuelewane mkanda upi kwanza

Nazungumzia ule wa nje, wenye mifereji ya urefu upande wa tumboni, unaochukua nguvu kwenye puli ya krenki na kuzungusha alternata, kompresa ya AC, pampu ya stering kama gari yako inatumia ya mafuta, na kwenye injini nyingi pampu ya maji pia. Tunauita mkanda wa feni japo kwenye hizi gari ndogo feni ya rejeta inazungushwa na mota ya umeme na mkanda hauigusi, jina limebaki kutoka gari za zamani, na kwenye Land Cruiser na Hiace bado ni kweli feni inazungushwa na mkanda.

Taimingi belti ni kitu kingine kabisa, usivichanganye. Ule uko ndani ya makava, una meno, unaunganisha krenki na kemu, na kwenye Subaru ya injini ya EJ20 ukikatika au ukiufunga umeruka meno, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwenda. Huo mpe fundi anayeijua Subaru, sio wa kujifunzia uani. Na mwenye IST au Wish ya kwanza ajue kabisa kwamba injini zao za 1NZ na 1ZZ hazina taimingi belti, zinatumia cheni, kwa hiyo mtu akikuambia lete hela ya taimingi belti ya IST muulize vizuri anaongelea nini.

Umeisha kweli, au kuna kitu kingine kinalia?

Hapa ndo watu wengi wanatupa hela, wanabadili mkanda mzima na kelele inabaki. Zamani mikanda ilikuwa ya mpira wa neoprini, ikizeeka inapasuka nyufa za kukata, unaziona kwa macho, na kanuni ya mafundi ilikuwa ukikuta nyufa tatu au zaidi kwenye mfereji mmoja ndani ya sentimita nane hivi basi badili. Mikanda ya siku hizi mingi ni ya mpira wa EPDM, hii haipasuki kirahisi, inalika taratibu kama tairi, mifereji inakuwa mipana na mkanda unazama kwenye puli mpaka unagusa chini, unateleza, na ukiutazama kwa juu unauona mzima kabisa. Kwa hiyo usimwamini mtu anayechungulia juu juu na kusema "huu bado". Uguse upande wa mifereji injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako: ukikuta unang'aa na ni mgumu kama plastiki, au mifereji imekuwa mifupi ukilinganisha na mkanda mpya wa dukani, au nyuzi zinachomoka pembeni, umeisha.

Kipimo kingine rahisi ni maji. Injini inazunguka taratibu bila gesi, unachukua ile chupa ya kupulizia unapuliza maji kidogo upande wa mifereji, ukiwa mbali na mkanda na bila mtandio, tai wala mkono mrefu wa shati unaoning'inia. Kelele ikizidi, mkanda unateleza, yaani umelegea au umeisha. Kelele ikipungua kidogo halafu ikarudi, hasa kama ni ile ya "chwi chwi chwi" ya kufuatana, hapo puli moja haijanyooka na wenzake, na mkanda mpya utalia vilevile. Na kama kelele ni ya kusaga au kuguruma, hiyo ni beringi, mkanda hauhusiki.

Angalia na oili. Kava ya valvu ikivuja, sili ya mbele ya krenki ikivuja, pampu ya stering ikivuja, mafuta yanadondokea mkanda, mpira unavimba na kulainika. Ukifunga mkanda mpya juu ya uvujaji umenunua miezi michache tu. Ile sabuni ya mche na zile dawa za kupaka mkanda ziko kundi hilohilo, zinanyamazisha siku mbili halafu zinakamata vumbi, na kwa vumbi letu la Dar mkanda unakuwa msasa unaokula puli zako.

Gari tatu, kazi tatu tofauti

IST, na ndugu zake wote wa 1NZ kama Vitz ya 1.5, Probox, Raum, Fielder: mkanda ni mmoja na unakazwa kwa kusogeza alternata yenyewe. Bolti mbili, moja ndogo inayopita kwenye tundu refu, spana 12, nyingine kubwa ambayo ndo bawaba, spana 14. Ukizilegeza zote mbili alternata inarudi kuelekea injini na mkanda unalegea wenyewe. Kutoa ni rahisi, kazi iko kwenye kukaza, sababu IST yangu haina skrubu ya kuvuta, unachukua chuma kirefu au mpini imara wa mbao unaipa alternata msukumo kwa nje, unaushikilia hivyohivyo, na wakati huohuo mtu mwingine anakaza ile bolti ndogo. Peke yako unaweza ila utatukana. Halafu nafasi ya chini ni finyu, mi mara ya kwanza nilihangaika kutokea juu saa nzima, mara ya pili nikatoa tairi ya mbele kulia na ile plastiki ya kuzuia tope, puli ya krenki ikawa mbele ya macho yangu na kazi ikaisha dakika arobaini.

Wish ya kwanza, na Corolla, Allion au Premio za miaka hiyo zenye 1ZZ ya 1.8: mkanda mmoja mrefu unaozunguka kila kitu, tenshena inajikaza yenyewe. Huhitaji kupima wala kukisia, unaingiza spana 19 kwenye kichwa cha tenshena, unaizungusha upande unaolegeza mkanda, mkono mwingine unachomoa mkanda kwenye puli ya juu, basi. Kwenye 1ZZ hiyo tenshena ina mafuta ndani kama shokapu kwa hiyo izungushe polepole, ukiilazimisha kwa haraka inakataa na unaweza kuiharibu. Shida ni kwamba kati ya injini na bodi nafasi ni ndogo, spana ya kawaida ya mkononi ni fupi na haina nguvu, utahitaji yenye mpini mrefu. Mimi niliazima. Ukiwa nayo dakika ishirini umemaliza, ni rahisi kuliko IST, na ukiwa huna hiyo spana humalizi hata ukishinda hapo.

Ila hii raha ya Wish ina upande wa pili. IST ikilegea mkanda, unasogeza alternata umemaliza bure. Wish ikilegea, maana yake tenshena imechoka, imevuja mafuta yake au springi imelegea, na tenshena ni ghali mara kadhaa kuliko mkanda. Dada yangu alishabadilishiwa mkanda huko nyuma na fundi mmoja na gari ikaendelea kugonga "tak tak" ikiwa inazunguka taratibu. Mkanda ulikuwa mpya, mkono wa tenshena ndo ulikuwa unarukaruka kama unapigwa ngumi. Kwa hiyo mwenye Wish kabla hajanunua mkanda awashe gari na aitazame tenshena: ikitetemeka kidogo ni kawaida, ikicheza kwenda na kurudi kwa nguvu, bajeti yako ni ya vitu viwili.

Forester ya EJ20, ile ya 2002 mpaka 2007, na Impreza na Legacy za kipindi hicho: mikanda miwili midogo, wa mbele unazungusha alternata na pampu ya stering, wa nyuma unazungusha kompresa ya AC. Watu wanaogopa Subaru lakini kwenye hii kazi ndo rahisi kuliko zote tatu, nasema kwa kuwa nimeifanya. Injini imelala, mikanda iko mbele kabisa nyuma ya rejeta, unafungua boneti, unatoa kava ya plastiki, iko pale, hamna jeki, hamna kutoa tairi. Na kila mkanda una skrubu yake ya kuvuta: unalegeza bolti ya kufunga, unazungusha skrubu mkanda unakaza au kulegea taratibu kadri unavyotaka, unafunga bolti. Mtu mmoja anatosha. Cha kukumbuka ni kwamba wa AC hautoki mpaka wa mbele utoke, kwa hiyo kama wa nyuma umeisha badili yote miwili, kazi ni ileile.

Tofauti nyingine inayobadilisha hofu yako: kwenye IST na Wish mkanda huu ndo unazungusha pampu ya maji, ukikatika zima gari, usiseme nasogea mpaka kituo cha mafuta. Kwenye Forester pampu ya maji iko kwenye taimingi belti, kwa hiyo mkanda wa nje ukikatika stering inakuwa nzito kama ya lori na betri haichajiwi, lakini injini haichemki papo hapo. Mwenye IST na mkanda unaolia asilale nao hata wiki moja akiwa na safari ya mkoani.

Kuna na kundi la nne ambalo sijaligusa na sikushauri uanzie hapo. Ukifungua boneti ukakuta hakuna bolti yenye tundu refu, hakuna tenshena, hakuna skrubu, huenda gari yako ina mkanda wa kunyumbuka, huo wa zamani unakatwa kwa kisu na mpya unaingizwa kwa kifaa maalum, ukiuvuta kwa bisbisi unaujeruhi kabla haujaanza kazi. Na zile gari ambazo lazima utoe mauntini ya injini na kuitegemeza injini na jeki ndo mkanda upite, hizo pia mpe fundi.

Wewe, fundi wa chini ya mwembe, au gereji kubwa

Hela peke yake sio sababu nzuri, nikuambie ukweli. Fundi wa mtaani kwa mkanda wa IST mimi nimekuwa nikiambiwa kati ya elfu 10 na elfu 20, kama huna spana wala jeki, kununua vyote kutakula zaidi ya hapo. Ukifanya mara moja tu maishani haujaokoa kitu. Ukiwa na gari miaka mitano, na spana hizohizo ukabadilia pedi, plagi na betri, hapo inalipa.

Gereji kubwa zinachaji zaidi na zinataka uache gari, ila unapata risiti na ukirudi na kelele una pa kusimamia. Kwa gari ya kisasa ambayo hujui inakazwaje, au kwa Wish ambayo tenshena imekufa, mi naona ni hela iliyotumika vizuri.

Fundi wa chini ya mwembe, na nawaheshimu sana, wengi wana mikono kuliko hao wa gereji za vioo, faida yake ni kwamba ameshafungua IST mia na anamaliza wakati unakunywa chai. Hasara yake ni haraka. Ana gari nyingine tatu zinamsubiri, kwa hiyo anatoa mkanda anaweka mkanda. Na hapa ndo kuna sababu kubwa inayonifanya nipende kufanya mwenyewe kuliko hela yoyote: mkanda ukiwa umetoka ndo nafasi pekee ya kuzungusha kila puli kwa mkono. Ukiwa umefungwa huwezi kujua nani mgonjwa, vyote vinazunguka pamoja. Ukishautoa, zungusha alternata kwa kidole, isikilize, zungusha pampu ya maji, ishike itikise kama inacheza, tazama chini yake kama kuna alama za maji kuvuja au chumvi nyeupe ya kulanti (maji ya kupoza injini) iliyokauka, zungusha puli ya tenshena, zungusha ya AC. Puli nzuri inazunguka laini bila sauti, mbaya inakwaruza au inakwama au inazunguka kupita kiasi kama gurudumu la baiskeli kavu maana grisi imekwisha. Beringi iliyojam ndo inayounguza mkanda mpya ndani ya mwezi, halafu lawama anabebeshwa muuza spea.

Kwenye IST yangu mara ya pili ndo nilikuta pampu ya maji inacheza. Ningempa mtu aliye na haraka angeweka mkanda mpya juu yake. Kwa hiyo hata ukiamua kumpa fundi, simama pale, na mkanda ukitoka muombe "fundi hebu tuzungushe hizi puli kwanza", hakuna fundi wa kweli atakayekasirika.

Mkanda gani ununue

Kariakoo na Gerezani, au ukiwa Nairobi pale Kirinyaga Road, utaonyeshwa vitu vinne. Wa kampuni ya gari yenyewe, kwa Toyota namba yake mara nyingi inaanza na 90916. Wa makampuni yanayotengeneza mikanda kama Bando, Mitsuboshi au Gates. Wa jina usilolijua. Na wa mtumba uliotoka na injini ya Japani.

Mi kati ya wa kwanza na wa pili sioni tofauti inayostahili kugombana, Bando na Mitsuboshi ni kampuni za Kijapani zenye kazi hiyo miaka mingi, ukipata wa kweli chukua ulio rahisi. Shida ni hilo neno "wa kweli". Boksi linaigwa vizuri sana siku hizi, kwa hiyo angalia mkanda wenyewe: maandishi mgongoni yawe yamekaa safi na hayafutiki kwa kidole, mifereji iwe sawasawa bila vinyuzinyuzi, na ukiukunja usibaki na kona. Ukipelekwa na winga, yaani dalali, bei ina tabaka lake ndani, bora uingie dukani mwenyewe na mkanda wa zamani mkononi.

Wa mtumba siutaki. Injini ya mtumba naelewa, gia boksi naelewa, lakini mpira uliokaa kwenye gari ya mtu miaka kumi halafu ukakaa kwenye kontena, hata ukiwa unang'aa, ni kununua tatizo ulilokuwa unalitoa. Wa jina usilolijua nimewahi kufunga, kwenye IST mara ya kwanza, ulikuwa karibu nusu ya bei na ulidumu miezi minane. Ulio juu ya gari sasa hivi una mwaka wa tatu na haujalia.

Namba ndo muhimu kuliko jina. Mkanda umeandikwa mfano 5PK1200: 5 ni idadi ya mifereji, PK ni aina ya mfereji, 1200 ni urefu kwa milimita. Huo ni mfano tu usiende dukani ukautaja, soma wa kwako. Na usikubali ukiambiwa "huu umezidi kidogo tu, utaingia". Kwenye IST alternata ina mwisho wake wa kusogea na mkanda uliozidi hautakaza, kwenye Wish tenshena itafanya kazi ikiwa imenyooka nje ya eneo lake na itakufa mapema. Kama maandishi yamefutika nenda na namba ya chesisi, duka lenye watu wanaojua watakutafutia. Mifereji pia usiongeze wala kupunguza.

Ukiamua kufanya mwenyewe

Piga picha kwanza. Simu yako, kabla hujagusa chochote, kutokea juu na kutokea kwenye tairi, mkanda unavyopita. Kwenye Wish hasa, mkanda unapita huku na huku, puli nyingine zinaguswa na tumbo nyingine na mgongo, ukishautoa akili inafutika na ukiukosea njia pampu ya maji inaweza kuzunguka kinyume. Gari iwe imepoa, sehemu tambarare, hendibreki juu. Toa waya wa hasi wa betri, hili watu wanalidharau lakini waya mnene wa alternata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mezani, spana ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja inapiga cheche na unaweza kuungua. Kama unanyanyua gari, jeki ni ya kunyanyulia tu, ya kukalia ni stendi, na ile tairi uliyoitoa isukume chini ya gari kama akiba. Nimeona gari ikishuka kwenye jeki, sio kitu cha kuona mara mbili.

Futa puli zote kwa brashi na kitambaa kikavu, toa vumbi na vipande vya mpira vilivyokwama kwenye mifereji yake. Weka mkanda ukianzia chini kwenye krenki, malizia na puli ya juu iliyo rahisi kufikika, halafu kabla ya kukaza pitisha kidole kila puli uhakikishe hakuna mfereji uliokaa nje. Ukikaa nje mfereji mmoja, mkanda unajikata pembeni ndani ya kilomita chache.

Kukaza kwa IST na Forester ndo panataka hisia. Kanuni ya mkono ni kwamba sehemu ndefu kati ya puli mbili ukiibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu ishuke kama sentimita moja hivi, au ukiipinda ifike robo mzunguko kwa shida kidogo. Wengi wanakosea kwa kukaza sana, wanaogopa kelele, sasa mkanda uliokazwa kama gitaa haulii lakini unavuta beringi za alternata na pampu ya maji kila dakika, na hizo ndo ghali. Uliolegea utakuambia kwa kulia, uliokaza hautakuambia chochote mpaka alternata ife. Na unapoisukuma alternata ya IST, chuma chako kiegemee sehemu nene ya injini, sio kwenye bomba wala plastiki wala upande mwembamba wa alternata, unapasuka.

Rudisha betri, washa, washa AC na taa zote, sikiliza. Halafu baada ya siku mbili tatu angalia tena, mkanda mpya unajinyoosha kidogo mwanzoni na kwa gari za kukaza kwa mkono utahitaji kuusogeza tena mara moja. Wish haihitaji hilo.

Nikiwa na ndugu yangu leo ananiuliza, mwenye Forester nampa spana mbili na kumwambia aanze Jumamosi asubuhi. Mwenye IST namwambia atafute mtu wa kumsaidia na atoe tairi, asihangaike kutokea juu. Mwenye Wish namuuliza kwanza tenshena inacheza au haichezi, ikiwa imetulia na ana pa kuazima spana ndefu afanye mwenyewe, ikiwa inacheza aende gereji na hela ya vyote viwili. Mwenye gari ambayo hajaona inakazwa na nini asinunue mkanda bado.

Mkanda wa zamani kama ulitoka haujakatika usiutupe, ufunge kwenye mfuko uuweke kwenye buti pamoja na spana zake, 12 na 14 kwa IST, au ile 19 ndefu kwa Wish. Ukikwama Wami saa mbili usiku, mkanda uliochoka unaokufikisha Chalinze una thamani kuliko mpya ulioko Kariakoo.